Sokwe mtu na gorila: tufuate umbo au DNA?

Ukipanda Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa mashariki mwa Kongo, kutoka Bukavu, macho yatakuambia sokwe mtu na gorila ni ndugu wa karibu: manyoya meusi, mwendo wa kukanyagia vifundo vya vidole. Umbo halidharauliki, kwa mifupa ya mamilioni ya miaka ndilo tegemeo, maana DNA huoza.

Kwa walio hai, mimi naamini DNA. Inamweka sokwe mtu karibu nasi kuliko na gorila. Sokwe mtu na gorila wana kromosomu (vifurushi vya DNA ndani ya seli) 48, sisi 46: kromosomu yetu ya 2 ni mbili zilizoungana, na mabaki ya ncha zake yangali katikati! Ila jenomu (DNA yote) ya gorila iliyochapishwa 2012 ilionyesha kwamba takriban asilimia 30 yake haifuati mpangilio huo wa ukoo, wa sokwe mtu kuwa karibu zaidi nasi.