Vanguard ya milioni 23 au X-Trail ya 16 na nusu? Nimeziendesha zote, Mtwara

Mi sio fundi, niseme mapema. Ni baba wa watoto watatu, ukiongeza mama yao na bibi yao anayeshuka kutoka Newala mara mbili kwa mwaka tunakuwa sita, na kigari chetu cha zamani kilishachoka kabisa, ukianza kupanda kile kilima cha Newala unazima AC, unafungua vioo na kila mtu ananyamaza. Hela ya korosho ilivyoingia nikasema sasa basi. Kwanza nikataka kuagiza Japani, nikaingia kwenye kikokotoo cha TRA, wale wa kodi, kumbe gari ikishavuka miaka 8 unaongezewa ushuru wa uchakavu, na hizi ninazozitaka mimi zilitoka 2007 mpaka 2013 yani zote ni wazee, nikafunga simu nikalala. Kesho yake nikaanza kuulizia namba D, yani gari ambazo tayari zina namba za hapa nchini, za huku huku kusini.

Zikabaki mbili. Toyota Vanguard 2.4, yani injini ya lita 2.4, ya 2008 iko Lindi kwa mwalimu mstaafu, anataka 23. Nissan X-Trail T31 (toleo la pili) ya 2010, 2.0, iko hapa hapa Mtwara, 16 na nusu na inapungua.

Sasa mjomba wangu ndo fundi wa ukoo mzima, na huku kwetu mjomba akishasema ni kama hukumu. Akaniambia, "Mpwa wangu, Nissan unainunua siku moja, unaitengeneza maisha. Ina CVT ile. Chukua Toyota." CVT ni ile gia boksi ya mkanda, isiyo na gia za kuhesabu. Na kila mtu niliyemuuliza kijiweni alisema hivo hivo, CVT, CVT, mpaka nikaanza kuiogopa kama ugonjwa. Ambacho hakuna hata mmoja aliniambia ni kwamba Vanguard ya 2.4 nayo ni CVT! Ile isiyo na CVT ni ya 3.5 V6, na ile wese lake sio la mshahara wangu. Niligundua usiku nasoma soma mwenyewe, nikamtumia mjomba, akajibu "hiyo ya Toyota ni tofauti". Haya.

Jumamosi tukaenda Lindi, kama kilomita mia na kitu, na watoto wote makusudi wakae humo tuone. Kwakweli Vanguard ni gari tamu. Imetulia, ina nguvu, ukikanyaga inaitika, ndani bado inanukia ustaarabu, mama watoto alishaanza kupanga wapi ataweka mkoba wake. Ina siti saba na ndo kilichonivuta, nikamwambia huyu mkubwa wangu wa form two aingie nyuma kabisa. Akaingia. Magoti kidevuni, shingo imepinda, ananiangalia kwenye kioo kama mbuzi aliyepakiwa kwenye fuso. Afu hizo siti zikishanyanyuliwa buti hamna, unaweka begi moja la shule umemaliza. Bibi akija na mihogo yake na madumu inakaa wapi? Juu? Na mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni kama wa friji, ukipaki na gari ya mtu nyuma yako hutoi kitu.

Tukaingia chini. Tairi la spea linaning'inia huko chini, nikasema tulishushe tulione, cheni imeganda na kutu, haishuki. Chumvi ya bahari hiyo, magari ya pwani yote kagua chini jamani, usiangalie rangi. Nikavuta stiki ya oili, iko chini ya alama, na mwalimu mwenyewe muungwana akasema huwa anaongeza ongeza. Injini hizi za 2AZ za miaka ile zinajulikana, ringi za pistoni zinapitisha oili, sio zote lakini zipo. Hapo bado nilikuwa naitaka. Kilichonimaliza ni swali moja, nikamuuliza, "Mwalimu, shikamoo yangu ya pili, gia boksi huwa unaiwekea oili gani?" Akajibu kwa raha kabisa, "Ile nyekundu ya kawaida, fundi ananiletea." CVT inataka oili yake yenyewe, ile nyekundu ya gia boksi za kawaida inaila taratibu. Nikamshukuru, tukanywa chai, tukaondoka.

X-Trail niliwasha asubuhi na mapema injini ikiwa ya baridi, nikaweka D, R, D, hakuna kushtuka, nikaenda nayo mpaka Mikindani na kurudi nasikiliza kama inalia wiii, kimya. Mwenye gari ana risiti za oili ya NS-2, ile ya CVT ya Nissan, yani hiyo risiti ndo nimeinunua, gari nimepewa nyongeza. Tukamalizana kwa 16.

Nina miezi nane nayo. Nguvu ni za wastani, ukipakia watu na mizigo halafu unataka kulipita lori la korosho fikiria mara mbili, injini inapiga kelele nyingi kuliko mwendo. Kwenye lami ya kwenda Masasi napata kama kilomita 11 kwa lita, mjini 8 na kidogo. Ina kitufe cha kuzungusha, 2WD (tairi mbili ndo zinavuta), AUTO (inaamua yenyewe) na LOCK (zinavuta zote nne), na mchanga wa Msimbati niliupita kwa LOCK baada ya kupunguza upepo wa matairi, kuna noah ilikuwa pale imezama tukaivuta. Watoto wao wanachopenda ni sehemu ya kuweka soda kwenye dashibodi, AC inaipuliza inabaki baridi, basi kila safari ugomvi.

Spea ndo shida yake ya kweli. Za Toyota hapa unaenda unarudi nayo mkononi. Shoku-abzoba za mbele za Nissan nilisubiri zitoke Dar kwa basi siku mbili, na duka moja la hapa walitaka kuniuzia oili nyingine ya gia boksi, eti "ni zile zile bosi". Sio zile zile! Sasa naagiza lita nne mapema nakaa nazo nyumbani.

Na kuhusu watu sita kwenye siti tano, bibi akija mkubwa anapanda basi, na ye ndo anapenda maana anakaa dirishani na simu yake hakuna anayemsumbua. Mjomba mpaka leo akinyanyua boneti anaguna kwanza. Mi malalamiko yangu ni ile droo iliyo chini ya buti, niliisifia sana kwa mama watoto kwamba inaoshwa kwa maji tu, akaweka ng'onda, samaki wa kukausha, za kupeleka Newala, nimeiosha mara tatu na bado inanuka.