Fundi aliyetufutia bekapu, na dada aliyerudisha nusu

Kwanza niseme wazi: msiwape seva yenu hawa watu. Huko chini mtaniona nalegea, lakini mjue nilianzia hapa.

Kampuni siitaji jina. Wako hapa Mbeya mjini, kibao chao kizuri, wateja wanao kuanzia Mafiati hadi Uyole. Sisi tunanunua kahawa Mbozi, na barua pepe zote tunazoandikiana na wanunuzi zinakaa kwenye seva ya Exchange, programu ya barua pepe ya Microsoft, humu humu ofisini. (Msinianze na habari za kuhamia mtandaoni. Najua Microsoft waliacha kutoa msaada wa kawaida kwa toleo la 2016 na la 2019 tarehe 14 Oktoba 2025. Bosi pia anajua. Pesa ni zake.) Hawa tulikuwa tunawalipa kila mwezi watunze bekapu, yaani nakala za akiba, basi.

Mpangilio wenyewe ulikuwa mzuri, sikatai. Jumamosi usiku inachukuliwa bekapu kamili, siku nyingine bekapu ya nyongeza, yaani yale mapya tu tangu ya mwisho. Zote zinaingia kwenye diski moja ya nje. Msimu ulipokolea diski ikajaa, bekapu zikaanza kugoma, wakamtuma kijana.

Kijana akafungua folda kama mtu anayesafisha picha za simu. Akapanga faili kwa ukubwa, akachagua zile nene za juu, akafuta, akamwaga na pipa la taka. Nafasi ikapatikana, karatasi ikasainiwa, huyoo akaondoka. Zile nene ndizo zilikuwa bekapu kamili. Alizotubakizia ni za nyongeza, na nyongeza peke yake hairejeshi kitu. Ni sawa na mtu akung'olee mche wa kahawa halafu akwambie tulia, matawi yako yapo.

Hatukujua. Baadaye mnunuzi mmoja akaanza kubisha uzito wa mzigo, na barua za mkataba ule alikuwa nazo ofisa wetu aliyeacha kazi. Sanduku lake la barua lilishafutwa, na Exchange isipobadilishwa mipangilio hulishikilia sanduku lililofutwa kwa siku 30 tu. Zilishapita. Nikasema hakuna shida, bekapu ipo. Na programu ya bekapu ikanionyesha kweli ipo! Katalogi yake, yaani orodha ya bekapu inazozijua, imeorodhesha Jumamosi zote kwa mpangilio, kwa sababu aliyefuta alipita mlango wa nyuma na programu haikupata habari. Ukiiambia irejeshe, inakuomba faili ambayo haipo duniani.

Nikampigia yule kijana. Nilimuuliza kwa upole, maana nimelelewa.

"Zile faili kubwa umezipeleka wapi, baba?"

"Mama, zile zilikuwa za zamani. Mpya zipo."

"Mpya zinasimama juu ya nini?"

Akacheka. Akacheka, jamani! "Mama, wewe hangaika na kahawa yako, seva niachie mimi."

Sentensi hiyo nimelala nayo, nimeamka nayo. Kufuta faili ni kosa la kazi, ofisi yoyote yanatokea. Lakini kunicheka, na mshahara wako wa mwezi ule nimeuidhinisha mimi?

Na kazi yenyewe haihitaji digrii. Faili za bekapu haziguswi kwa mkono. Unaiwekea programu muda wa kulinda kila seti, muda ukiisha yenyewe inafuta na kurekebisha katalogi yake. Ukibanwa na nafasi, unaondoa mnyororo mzima wa zamani kuliko yote, bekapu kamili pamoja na nyongeza zake, na huugusi kabla hujahakikisha kwamba kuna mwingine mpya uliojaribiwa kurejeshwa. Kujaribiwa, siyo kuona alama ya kijani. Diski ikiendelea kujaa, nunua diski. Ni bei nafuu kuliko kesi ya kahawa.

Nikauliza ofisini kwao kama logi za seva, yaani faili zinazoandika kila badiliko, haziwezi kutuokoa. Hapo ndipo nilipopewa yule dada, na hapo ndipo hasira yangu inapoharibika. Alinieleza kama mtu mzima anavyoelezwa: bekapu kamili ikimalizika salama, Exchange hufuta logi zake za nyuma, zile faili za megabaiti 1 moja moja, ikiamini yaliyomo yameshahifadhiwa. Kwa hiyo hazipo. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeuliza: kuna diski nyingine popote?

Ilikuwepo, tawini Vwawa, yenye nakala ya mwisho wa mwezi mmoja wa nyuma. Akaifuata mwenyewe na Coaster, na mnajua foleni ya malori ya Tunduma ilivyo. Programu haikuitambua diski ile, akaisomesha upya faili moja moja mpaka usiku. Halafu hakurejesha juu ya seva inayofanya kazi. Alifungua hifadhidata ya pembeni, akachomoa sanduku la yule ofisa peke yake. Akaunganisha na nyongeza za wiki iliyofuata, maana kijana hakuzigusa. Zilipofika kwenye Jumamosi iliyofutwa, mnyororo ukakatika, na barua za baada ya hapo ndiyo basi tena.

Tulipata mkataba. Majibizano ya uzito hatukupata.

Siku ile nilikuwa tayari kuandika kwamba ni kampuni nzuri yenye mfanyakazi mmoja mbovu. Kweli kabisa, nilishaanza kuandika hivyo. Kisha ankara ikaja. Ndani yake kuna mstari: "Huduma ya kuokoa data", na bei yake, na usafiri wa Vwawa. Yaani wameniuzia nusu ya mali yangu waliyoitupa wao! Nimepiga simu kwa meneja, ananiambia, "Dada, hiyo ni huduma nje ya mkataba."

Nyota moja. Nilitaka kuweka mbili kwa ajili ya yule dada, lakini ya pili wangeila wao. Akifungua ofisi yake, hata ikiwa kibanda pale Mwanjelwa, nahamishia seva kwake asubuhi yake.