-yo au -mnida: anayeanza Kikorea ashike ipi kwanza?

Kitenzi cha Kikorea hubeba heshima mwishoni. Kula ni meokda. Meogeoyo ni adabu ya kila siku, meokseumnida ni adabu rasmi.

Kwa kanuni, -mnida ni nyepesi zaidi. Shina, yaani kitenzi bila -da ya mwisho, likiishia kwa irabu, bandika -mnida: gada, kwenda, huwa gamnida. Likiishia kwa konsonanti, -seumnida. Karibu yote ni hayo. Ile -yo inakudai utazame irabu ya mwisho ya shina: a au o huchukua -ayo, nyingine -eoyo, na hada, kufanya, huwa haeyo.

Hata hivyo ningeanza na -yo, bila kusita. Ndiyo utakayoisikia dukani, kwa jirani, ndani ya teksi. Tena inatufaa sana sisi Waswahili, kwa sababu swali huja kwa kupandisha sauti tu, kama tunavyosema “Amekula?” Kwa -mnida, sharti ugeuze mwisho uwe -mnikka.

Rasmi ni ya taarifa ya habari, jeshini na usaili wa kazi. Ila gamsahamnida, yaani asante, ikariri leo hii: huambiwa hata muuza mboga.