Goma hadi Namugongo kwa miguu: uzoefu wangu wa siku 21

Tangu nirudi, watu wa shirika letu hunisimamisha baada ya misa wakiuliza swali lile lile: miguu ilivumilia? Ilivumilia, ila kwa taabu, na sehemu kubwa ya taabu hiyo nisingeipata kama mtu angenieleza mapema. Ndiyo sababu naandika kwa urefu, kwa ajili ya mama au baba wa Goma anayewaza kwenda hija ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani, kule Namugongo karibu na Kampala, bila kupanda gari.

Tuliondoka Jumatatu, tarehe 13 Mei 2024, tukiwa watu tisa. Siku kumi kabla ya hapo mabomu yalikuwa yameangukia kambi za wakimbizi huku Mugunga na Lac Vert, na ndugu zangu wawili walinisihi nisiondoke. Mimi niliwaza hivi: miguu ya watu wa Goma imezoea kutembea mbali, lakini imezoea kwa kukimbia. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 na amri ya kuhama mji ikatoka, nilikwenda Sake kwa miguu, mtoto mgongoni, godoro kichwani, sijui nitalala wapi. Nilitaka mara moja maishani mwangu nitembee mbali huku najua ninakokwenda.

Njia tuliyofuata ni hii: barieri ndogo (mpaka wa Goma na Rwanda) hadi Gisenyi, Musanze, mpaka wa Cyanika, Kisoro, Kabale, Mbarara, Masaka, Kampala, kisha Namugongo. Ni kama kilomita 600. Ipo pia njia ya Bunagana, lakini kwa vita ilivyokuwa upande wa Rutshuru hakuna aliyeitaja. Jeto, kile kibali kidogo cha kuvukia barieri, haitoshi kwa safari hii. Chukua pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na barua ya padri paroko yenye muhuri. Ile barua ilitufungulia milango mingi kuliko pasipoti.

Pale barieri, tukiwa kwenye foleni kati ya akina mama wenye mabeseni ya nyanya, Koko alitusimamisha. Koko ni mama wa miaka 61, mkubwa wetu katika kundi. Akatukumbusha kwamba kijana wetu Floribert Bwana Chui alikuwa na kazi ya kuchunguza vyakula vinavyoingia Goma, kwamba alikataa hongo ili chakula kilichoharibika kisipite, na kwamba mwaka 2007 waliuawa wengi katika mji huu lakini yeye aliuawa kwa sababu hiyo, akiwa na miaka 26. "Tunaenda kwa mashahidi wa watu wengine," akasema, "lakini tunaye wetu." Tukasali Baba Yetu hapo hapo, mizigo kichwani. Wakati ule alikuwa bado hajatangazwa. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025, na siku ile nilimpigia Koko simu, tukalia wote wawili.

Sasa miguu. Siku ya kwanza ni kupanda tu. Kutoka ziwani unapanda hadi Bigogwe, juu ya mita 2000, kwenye baridi, ng'ombe na viazi. Njia ya watembea kwa miguu upande wa Rwanda ni nzuri na safi, na hilo ndilo lililotudanganya. Kijana aliyetuongoza alikuwa na mguu mwepesi, akatembea kwa mwendo wake, nasi tukamfuata kwa aibu ya kubaki nyuma. Mimi nilikuwa na raba mpya, nzuri, nilizonunua kwa dola 25 wiki moja kabla ya safari. Tulipofika Bigogwe nilikuwa na lengelenge kwenye kila kisigino. Tulipofika Musanze siku ya pili, soksi ya kushoto ilikuwa imeshikamana na ngozi.

Koko alikuwa amevaa sandali za plastiki za miaka mitatu, na soksi za sufu ndani yake. Miguu yake haikuwa na alama hata moja.

Jioni ile, kwenye ukumbi wa parokia tuliyolala, Koko aliomba beseni, maji ya vuguvugu na chumvi. Akaanza na mguu wangu. Akausafisha, akaukausha kwa kipande cha kikwembe, akapitisha sindano yenye uzi kwenye lengelenge ambalo halijapasuka, akauacha uzi ndani ili maji yatoke polepole, akapaka mafuta ya mgando. Mimi ni mshonaji, sindano naishika kila siku, lakini sikuwahi kuona ikitumika hivyo. Baadaye sista muuguzi tuliyekutana naye Kabale alitufokea juu ya uzi huo: unaweza kuingiza uchafu ndani, tena lengelenge dogo ni bora liachwe lilivyo. Tangu hapo tulichemsha sindano na tukaacha kutumia uzi. Kuosha miguu hatukuacha. Kila jioni tangu siku ile, mtu alimwosha mwenzake, na aliyeoshwa leo alimwosha mwingine kesho. Nimeingia kanisani Alhamisi Kuu tangu utoto, lakini kuelewa kwa nini Bwana alichagua kuwaosha wanafunzi wake miguu na si mikono, nilielewa Musanze.

Usiku huo huo tulimwambia yule kijana, kwa heshima, kwamba kuanzia kesho Koko anatembea mbele. Hiyo ndiyo nasaha yangu kubwa kuliko zote. Kundi liende kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na awe mbele, asiwe nyuma. Akiwa nyuma, kila mnapopumzika yeye ndiyo kwanza anafika, na nyinyi mnasimama kuondoka. Hapumziki kamwe. Kundi moja tulilolipita baada ya Ntungamo lilikuwa limeshawarudisha watu wanne kwa basi kwa sababu hiyo tu.

Kutoka Musanze hadi Kisoro volkano zinakuwa mkono wako wa kushoto. Kwa mtu wa Goma ni ajabu: ni milima ile ile ya Virunga, lakini unaiona kutoka upande ambao hukuwahi kuuona. Muhabura, wenye mita 4127, ndio ulio mbele yako mchana kutwa, na jina lake kwa Kinyarwanda maana yake ni mwenye kuonyesha njia. Kisoro tulipumzika siku nzima. Ndiyo siku pekee ya kupumzika tuliyopata, na leo ningeongeza mbili.

Kisoro hadi Kabale ni kama kilomita 80, na ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Unapanda Kanaba, ukigeuka nyuma unaona volkano zimejipanga, halafu unaingia msitu wa Echuya, mianzi pande zote, ukungu hadi saa nne asubuhi. Hakuna makelele. Watu wa Kigezi wamelima vilima kwa matuta hadi kileleni. Akina mama walitupa bushera, kinywaji cha mtama, kizito kama uji na chenye uchachu kidogo, na nakwambia kwa uhakika kwamba hakuna soda inayomrudishia mtembeaji nguvu kama kile. Tuliingia Kabale Jumapili ya Pentekoste, tarehe 19, tukapanda kilima cha Rushoroza hadi kanisa kuu tukiwa bado na vumbi. Watu walitupisha tukae mbele.

Kuanzia Kabale, Kinyarwanda kilichotusaidia hadi Kisoro hakitoshi tena, na Kiswahili unakipata kwa askari, madereva na wafanyabiashara. Mama wa sokoni haelewi. Hilo lisikutishe. Ukionyesha rozari na kutaja Namugongo, mtu anaelewa yote.

Ankole sitaieleza kwa urefu. Ni joto, ndizi, ng'ombe wenye pembe ndefu ajabu, na siku zinazofanana. Kutoka Kabale hadi Mbarara tulitumia siku tano, kutoka Mbarara hadi Masaka siku nne, tukianza saa kumi za usiku na kupumzika kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana. Karibu na Sanga tuliona pundamilia wakila majani upande wa hifadhi ya Ziwa Mburo, na yule kijana, aliyekuwa haongei tangu Musanze, akacheka kama mtoto. Nilifurahi kumwona hivyo.

Ubaya wa njia hii ni huu, na sitaki mtu aende bila kuujua: magari. Barabara ya Mbarara hadi Kampala ndiyo inayobeba malori ya mizigo ya nchi tatu au nne, yetu ikiwemo. Kando ya lami kuna kokoto, au hakuna kitu. Lori likipita, upepo wake unakusukuma. Tembeeni mstari mmoja, upande wa kulia, ili magari ya upande wenu mwe mnayaona usoni, maana Uganda wanaendesha kushoto. Sisi wa Kongo hilo linatuchanganya, tulikosea mara mbili. Vaeni kitu cheupe kabla ya mapambazuko. Nilishona vizibao tisa vya kitambaa cha kung'aa kabla ya kuondoka, na katika vitu vyote nilivyobeba hicho ndicho ninachojivunia.

Malazi: parokia nyingi, shule, mara moja kwa familia ya Kiislamu karibu na Lyantonde iliyotupa chumba cha watoto na chai ya maziwa saa tisa usiku kabla hatujaondoka. Mara moja tu tulikataliwa. Katika mji mmoja, sitautaja, tulifika usiku kwenye ukumbi tuliokuwa tumeahidiwa kwa simu, tukaambiwa umejaa, na barua yetu haikusomwa. Tulilala kwenye baraza ya duka, mvua ikinyesha. Iliniuma sana, hasa kwa ajili ya Koko. Asubuhi mwenye duka alitukuta, akatuletea mandazi, hakuuliza lolote.

Masaka kucha mbili za mguu wangu wa kulia zilitoka. Raba zile nilimwachia fundi viatu wa Nyendo, nikanunua sandali kama za Koko, na kuanzia hapo nilitembea vizuri hadi mwisho. Kwa hiyo usinunue viatu vipya. Vaa vile ambavyo mguu wako umekwisha kuvizoea, hata kama ni vya bei ya chini, na soksi pea nne.

Baada ya Lukaya unavuka mabwawa ya Katonga, kisha Kayabwe, mahali mstari wa Ikweta unapokata barabara. Hapo ndipo njia inapobadilika. Mahujaji wanatokea kila upande, mabango ya majimbo, nyimbo, watoto wanaomwaga maji miguuni mwako bila kuombwa wakiita "Abalamazi!", yaani mahujaji. Kuanzia pale hadi Mpigi na Kampala sikukumbuka maumivu.

Tuliingia Namugongo tarehe 2 Juni mchana. Hapa ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mashahidi Wakatoliki ni 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887, na Waanglikana wana mahali pao hapo karibu. Basilika ina nguzo 22 na umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, na altare iko mahali Lwanga alipofia. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Sikulia. Watu walikuwa wengi mno, huoni unapokanyaga. Choo ni foleni ya saa moja, mwenzetu mmoja aliibiwa simu, na usiku tulilala kwenye majani tukiwa tumefungana mizigo kwa kamba. Anayetafuta ukimya asiende kwa sikukuu. Aende wiki mbili baadaye, atasali vizuri. Lakini misa ya tarehe 3, umati ule ukiimba wote pamoja, sijaona kitu kama hicho, na ningerudi kwa ajili ya hicho tu.

Gharama yangu yote ilikuwa dola 140, pamoja na basi la kurudi hadi Kisoro. Chakula ndicho kilichokula nyingi. Dola 20 zaidi za dharura zitafaa, na kila kundi liwe na mtu mmoja asiyetembea anayefuata kwa simu akiulizia malazi ya kesho. Sisi hatukuwa naye.

Tulirudi na basi la usiku. Njia tuliyoitembea zaidi ya wiki mbili tuliimaliza kabla jua halijapanda. Koko alikaa dirishani, hakulala. Mimi nilikuwa nasinzia, na kila mara alinigusa begani: "Angalia, hapa ndipo tulipokunywa maji. Hapa ni pale kwa wale Waislamu." Baada ya Kabale kulianza kupambazuka, na tulipofika Kanaba, Muhabura ukatokea mbele yetu. Akaniuliza kama mwaka wa pili nitakuwa na nafasi. Sandali zangu nilikuwa nimezivaa.