Pedi ya mgeni: yaliyonikuta kwa PS Majengo

Naandika hasira zikiwa bado kooni, mtanisamehe. Juzijuzi, sikumbuki kama ilikuwa Alhamisi au Ijumaa ila Isha ilikuwa ishaswaliwa, mpwa wangu alining'ang'ania nimpeleke kwa PS, yaani chumba cha kulipia kucheza gemu za PlayStation kwenye TV, upande wa Majengo hapa Mombasa. Jina la mahali silitaji. Washuka vidato vitatu, wafungua pazia la kijani, wakuta vijana kumi na feni moja inayozungusha joto lile lile.

Masharti yao ni mafupi: mechi shilingi thelathini, aliyefungwa analipa, aliyeshinda habanduki kitini. Liwekeni akilini hilo la aliyefungwa kulipa.

Na msinione mzee. Mimi nimelelewa na PES 6, ile gemu ya mpira ya zamani. Nilikuwa nikimshika Adriano, mshambuliaji wa Inter ya Italia, nikifyatua kwa mguu wake wa kushoto kutoka mbali, hadi wenzangu mtaani wakanipiga marufuku kuchagua Inter. PES yenyewe siku hizi yaitwa eFootball, na ile gemu nyengine, FIFA, nayo tangu 2023 ni EA Sports FC, baada ya watengenezaji kuachana na shirikisho la mpira lenye jina hilo. Majengo habari hizo hazijafika. Ni FIFA tu, na ukibisha utaulizwa umetoka bara lini.

Basi nikakaa. Kijana wa kaunta akanirushia pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, bila hata kunitazama. Kitako cha pedi kimezungushwa ule utepe mweusi wa mafundi wa stima. Mpira wa kile kijiti cha kushoto ushaliwa wote, imebaki plastiki tupu, na kwa jasho la Mombasa kidole chateleza kama kimepakwa samli. Nikasema haidhuru. Mechi ikaanza.

Beki wangu wa kulia akaanza kutembea. Mimi sijamgusa. Anakwenda zake taratibu kuelekea kibendera cha kona, kama mtoto aliyeitwa na mamake. Namrudisha, nikimwachilia tu anaenda tena. Mwenzangu akapita pale pale palipokuwa wazi, bao. Nikapata penalti, nikalenga katikati ili nisijitie hatarini, mpira ukatoka nje ya mlingoti. Nje kabisa! Nilifungwa mechi nne. Mia na ishirini. Si pesa za kumliza mtu, lakini ningezila viazi karai nikashiba.

Nikamwita yule kijana kwa adabu. "Mwanangu, pedi hii yavuta upande. Nipe ile nyengine."

"Ile ina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ami, pedi haina neno. Wenzako wacheza nayo." Kisha akaugeukia ukumbi, akapaza sauti: "Mzee akifungwa, pedi mbovu. Angefunga je?"

Pakacheka pote. Hilo ningelimeza. Lililonichoma ni kuwa mpwa wangu naye alicheka, tena yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza.

Jamani, si uchawi huu. Ndani ya kile kijiti mna vipande vidogo vinavyopima kidole kimesukuma wapi. Vikichakaa au vikiingia uchafu, mashine huamini umesukuma hata ukiwa umekunja mikono. Fundi mwenye kalamu ya solda hubadilisha kijiti kizima, na wakati mwengine kusafisha tu kwa spiriti husaidia siku mbili tatu. Mwenye duka anajua. Anajua vizuri! Maana nilipokuwa nikitoka, katoto kamoja kalikokaa kwenye kreti ya soda kakaninong'oneza, "Ami, hiyo ndiyo pedi ya mgeni." Ina jina kabisa! Wenyeji hawaigusi. Sisi tumefunzwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumbe mwenyeji apona kwa thelathini thelathini zangu.

Kwa hivyo msiende. Nyota moja, na hiyo ni ya feni.

Ingawa, nisiseme uongo. Pale hakuna matusi. Ukitukana watolewa na zamu yako yaliwa. Adhana ikilia TV yanyamazishwa bila mtu kuambiwa. Na kuna mvulana mmoja hachezi kabisa, labda hana thelathini, kazi yake ni kutangaza mechi za wenzake. Mtangazaji wa Kiingereza ndani ya gemu wamemzima sauti kwa ajili yake. Nilipofungwa la tatu alisema, "Kipa kalala, beki kaenda Kongowea kununua nyanya, nyumba haina mtu, wezi wanaingiaaa!" Nilikuwa nimefura kwa hasira, na bado nilicheka hadi nikaangusha pedi. Huyo peke yake ana thamani ya nyota mbili. Basi tatu. Lakini kijana wa kaunta nimemnyang'anya moja, sijui zimebaki ngapi, hesabuni wenyewe.

Jana nimerudi. Mpwa wangu ndiye aliyetaka, au tuseme hakukataa. Nilifika mapema kabla hapajajaa, nikajikalia, nikachukua ile pedi nzuri kabla mtu hajasema ina mwenyewe nani. Kijana wa kaunta akanitazama, akaguna, akaacha. Baada ya muda akaingia bwana mmoja na begi lake la kazini, anatoka Likoni, amesikia hapa pana gemu. Akapewa pedi yenye utepe.

Dakika ya kumi hivi beki wake wa kulia akaanza safari ya kwenye kibendera. Nikapita. Bao. Akaigeuza pedi, akaitazama chini, akanigeukia mimi kwa kuwa ndiye mtu mzima pale ndani.

"Kaka, hii pedi yavuta ama ni mimi?"

"Haina neno," nikamwambia. "Wenzako wacheza nayo."