Kitulo: hifadhi isiyo na foleni

Wadau wa safari za ndani, kama mmechoka na Serengeti ya kule mto Mara, magari yamebanana ukingoni kila mtu anagombea upenyo wa kumwona nyumbu akivuka, njooni huku kwetu nyanda za juu kusini muione Kitulo. Tulienda familia nzima mwezi wa pili, na yaani tangu getini mpaka tunatoka hatukukutana na gari lingine la wageni.

Pako vile kwa sababu. Hakuna simba wala tembo, hifadhi ilitangazwa 2005 kwa ajili ya maua, ndo maana watu wanaiita Bustani ya Mungu, na maua yenyewe yanachanua kifuku, kuanzia kama Desemba mpaka Aprili, yaani muda uleule barabara imeharibika. Ukitokea Chimala kwenda Matamba unapanda zile kona za Hamsini na Saba, udongo ukilowa gari ndogo haitoboi, wengi wanaishia lami wanageuza.

Ila kukosa simba ndo raha yenyewe maana unashuka kwenye gari unatembea. Okidi, moja ya maua ya kule, zipo aina zaidi ya 40, na nyingine zinajificha kabisa kwenye majani, ukipita na gari huambulii kitu. Askari aliyetuongoza alimsimamisha binti yangu, akachuchumaa akatenganisha majani kwa vidole, kumbe mbele ya kiatu chake kulikuwa na kiua cheupe, mdomo umechanikachanika kama ndevu, mtoto akakaa chini kabisa hataki kuondoka. Viazi vya hizo okidi vilikuwa vinachimbwa kwa wingi vinapelekwa Zambia kupikwa chakula chao kinaitwa chikanda, na hiyo ni moja ya sababu za kupalinda. Sasa fikiria pale pangekuwa na msururu wa watu, kile kiua kingeshakanyagwa zamani, na mtoto angeambiwa songa wenzio wapite.

Sisemi penye watu ni pabaya jamani. Pale Uyole njiapanda na kelele zote za makonda ndo tulikula vizuri, chips zinatoka kwenye mafuta zinaisha hapohapo, hamna kiporo. Kitulo usitegemee duka njiani, beba maji, msosi na spea tairi, na tafuta gari la juu lenye dereva anayeijua njia, maana ukikwama unaweza kukaa masaa hajapita mtu wa kukusukuma. Hilo ndo la kujipanga nalo hasa mkiwa na watoto. Na jaketi nzito, uko kama mita 2,600 juu ya bahari, hata saa sita mchana upepo unakata.

Mimi naipa nyota tano bila kusita. Ombi langu kwa wahusika, mkiitengeneza barabara, na itengenezwe kweli maana wanakijiji wa Matamba wanaihitaji kuliko sisi wageni, magari yasiruhusiwe kukatisha kwenye majani, watu washuke watembee na askari kama tulivyofanya sisi.