Nyumba ya watoto wa kansa karibu na Mulago, sisi wa kutoka mbali tunaionaje

Kama unatoka Arua, Gulu ama hata Bunia na mtoto ameandikiwa kemo, yaani dawa kali za kansa, hapo Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, kichwa kinauma kwanza na pa kulala. Gesti za karibu zinamaliza hela kabla dozi ya pili haijafika, na kulala kwenye veranda ya hospitali na mtoto ambaye kemo imemshusha damu ni hatari, homa kidogo tu inageuka kubwa.

Hii nyumba wanayotupeleka watu wa ustawi wa jamii wa wadi naipa nyota nne kwa tano. Kitanda bure, neti ipo, uji asubuhi, na siku ya dawa kuna gari la kuwapeleka Kansa, yaani taasisi ya kansa hapo Mulago. Ila mimi nyota nyingi nampa yule mama anayeisimamia. Mpwa wangu alikuwa na Burkitt, ule uvimbe wa taya ambao dokta Denis Burkitt aliuandika 1958 akiwa hapo hapo Mulago, na ugonjwa huu una ujanja, dozi za mwanzo tu taya linanywea, mtoto anakimbia anaomba chipsi, basi dada yangu akafunga mizigo eti kijana amepona na shamba linamngoja. Mama yule hakugomba. Akamwita mzazi mwenzake wa Maracha ambaye alimrudisha mtoto wake nyumbani mapema hivyo hivyo, uvimbe ukarudi, sasa wako kwenye dawa kali zaidi, wakaongea Kilugbara mpaka usiku na asubuhi dada akafungua mizigo mwenyewe. Dokta alishamwambia hayo hayo, lakini kwa haraka na kwa Kiingereza, wapi!

Nyota moja nimekata kwa sababu maji yanapotea sana na jiko la makaa ni moja watu wote, na mtoto mwenye vidonda mdomoni posho (ugali) haimezi, maziwa unanunua mwenyewe. Halafu wanaruhusu mtu mmoja tu kwa kila mtoto. Hapo wanakosea jamani, baba ndiye mwenye kutoa nauli ya kurudi kwa dozi inayofuata, mngemwacha alale hata usiku mmoja aone.

Ukienda beba barua ya rufaa, blanketi na beseni, na upige simu kabla hujapanda basi maana vitanda vinajaa.